Sketi Ndani ya Cheni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Elinipa Sumari alikuwa na kazi zake. Alimkatia ng'ombe majani, akafagia uwanja, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Ephraimu. Ephraimu alikuwa darasa la pili na hakupenda kuamka. Nyumba yao ilikuwa Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya kahawa na migomba. Shule ilikuwa chini, upande wa Tengeru, na barabara ya kushukia huko ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope la utelezi wakati wa mvua.

Tangu muhula huo uanze hawakuwa wakienda tena kwa miguu. Shangazi Agnela, dada ya baba yao aliyeishi mjini Lemara, alikuwa amewaletea baiskeli ya mwanawe aliyehamia shule ya bweni. Pamoja na baiskeli alimletea Elinipa taiti nyeusi na jozi ya raba.

"Hiyo sketi yako utaivaa darasani," shangazi alimwambia siku ile. "Ukiwa juu ya baiskeli, ikunje mpaka juu ya magoti, uifunge kwa mpira, na chini uwe na taiti. Nguo ya kuendeshea baiskeli haitakiwi kuning'inia, wala haitakiwi kukubana hata ushindwe kunyanyua goti. Na kandambili usipande nazo kabisa. Zinateleza kwenye pedeli."

Sketi ya Elinipa ilikuwa ndefu kweli. Mama yake aliishonesha kubwa ili akue nayo, ikamfika kwenye vifundo vya miguu. Lakini alipoikunja na kubaki na taiti, miguu ilizunguka bila shida. Alishuka mteremko huku Ephraimu amemkumbatia kiuno, akicheka kila walipopita kwenye tuta. Wakifika kwenye geti la shule, Elinipa aliishusha sketi yake, akaipangusa vumbi, akaingia darasani kama wasichana wengine.

Hakuna aliyeona ubaya, isipokuwa Sylvanus.

Sylvanus alikuwa darasa la saba, kijana mwenye mabega mapana, mwepesi wa kupiga. Wanafunzi wadogo walimpisha njiani. Kila asubuhi alikaa kwenye daraja dogo la barabara hiyo na rafiki yake Hans, wakingoja wa kumchokoza.

"Jikedume hilo linakuja!" alipiga kelele mara ya kwanza alipomwona Elinipa na taiti.

Elinipa alipita bila kujibu. Siku iliyofuata alirushiwa donge la udongo, likampata shingoni. Akapita tena. Kisha asubuhi moja akakuta shina la mgomba limelazwa darajani, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilimbidi afunge breki.

Sylvanus aliushika usukani. "Shuka."

"Tuachie, Sylvanus. Tutachelewa."

"Baba amesema binti anayeonyesha miguu barabarani ni wa kuchapwa. Kama wazazi wako wameshindwa, mimi nitawasaidia."

Kofi lilimkuta Elinipa kabla hajamaliza kushuka. Alianguka pamoja na baiskeli, sikio likivuma. Sylvanus alivunja tawi la mbuni kando ya njia na kuanza kumchapa miguuni, palepale ilipobana taiti. Alimchapa tena na tena. Elinipa alijikunja na kuficha uso. Hans alikuwa akicheka, lakini baada ya muda kicheko kikamkauka, akatazama pembeni.

Ephraimu alimrukia Sylvanus na kumng'ata mkono. Sylvanus alimpiga teke la tumbo, mtoto akatumbukia mferejini.

"Kesho nikuone na sketi mpaka chini," Sylvanus alisema akihema. "Na ukisema nyumbani au kwa mwalimu, huyu mdogo wako nitamtupa mtoni."

Jioni ile mama yao, Mama Elinipa, aliiona miguu ya binti yake ikiwa na mistari iliyovimba. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Nilianguka na baiskeli, mama."

Ephraimu alifungua mdomo. Elinipa alimkata jicho, mdomo ukafungwa. Mama alichemsha maji, akatia chumvi, akamkanda miguu taratibu huku akimwambia awe mwangalifu. Elinipa aliuma meno. Si maji yaliyomuumiza zaidi; ni ule upole wa mama yake, hali yeye alikuwa amemdanganya.

Usiku huo aliificha taiti chini ya godoro.

Kuanzia hapo aliendesha na sketi mpaka chini. Ilikuwa kazi ngumu. Mkono mmoja ulishika usukani na mwingine ulikusanya kitambaa kisiingie kwenye cheni. Akitaka kufunga breki vizuri, ilibidi aiachie sketi. Akiishika sketi, breki moja ilibaki bila mkono. Grisi ilimchafua. Siku moja cheni ilinyofoa kipande cha upindo, na mama akamgombeza kwa uzembe.

"Dada, mwambie baba," Ephraimu alimnong'oneza.

"Nyamaza. Tukifanya wanavyotaka, watatuacha."

Elinipa aliamini hivyo. Lakini anayetafuta wa kumpiga hakosi sababu.

Jumatano moja, siku ya soko la Tengeru, manyunyu yalikuwa yameilowesha barabara. Sylvanus na Hans walikuwa darajani. Elinipa alijitazama: sketi ilikuwa chini kabisa. Akapata moyo.

"Leo umevaa vizuri," Sylvanus alisema na kumzuia. "Ila nimefikiria. Baiskeli yenyewe ni ya kiume. Shuka, tutaitumia sisi."

"Nimefanya ulivyosema!" Elinipa alilia. "Unataka nini tena?"

Sylvanus alimvuta Ephraimu kwa sikio kutoka kwenye keria, akamburuta hadi kwenye ukingo wa daraja na kumwinamisha. "Si nilikwambia nitamtupa?" Mtoto alirusha miguu, uso wake ukagonga zege. Damu ilimtoka puani, ikadondoka majini.

Elinipa alipoiona damu ile, kitu kilikatika ndani yake. Alichomoa pampu iliyofungwa kwenye fremu ya baiskeli. Ilikuwa pampu ya chuma, nzito. Aliizungusha kwa mikono miwili na kumpiga Sylvanus kwenye paji la uso.

Sylvanus alimwachia mtoto na kuanguka kwa magoti. Ngozi juu ya jicho ilikuwa imepasuka na damu ikafunika nusu ya uso wake. Elinipa alimpiga tena, begani. Akaiinua pampu mara ya tatu, na kwa kitambo kidogo alisikia raha ambayo hajawahi kuisikia maishani.

"Utamuua!" Hans alipiga kelele.

Neno hilo lilimzindua. Pampu ilimtoka mikononi. Alimbeba Ephraimu, akamkalisha kwenye keria, akapanda na kukanyaga pedeli kwa nguvu zake zote.

"Nitakuua mimi!" Sylvanus alinguruma nyuma yake. Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa. La pili lilimpata mgongoni, pumzi ikamkatika. Barabara ilizidi kuinama na kuteleza. Elinipa alihitaji mikono yote miwili kwenye usukani, na sketi akaiachia.

Upepo uliijaza kama mfuko. Upindo uliingia kwenye cheni, cheni ikaumeza, ikavuta kitambaa mpaka kwenye paja. Pedeli zikakwama. Elinipa alihisi anavutwa upande mmoja kama mtu aliyeshikwa mguu. Alisikia Ephraimu akipiga yowe, kisha barabara ikamjia usoni.

Alipofumbua macho alikuwa amelala katikati ya kona. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya baiskeli, na meno ya gia yalikuwa yamemchana muundi. Ephraimu alikuwa pembeni, ameketi kwenye nyasi, akiutazama mkono wake uliopinda mahali pasipopinda mkono. Elinipa alijaribu kunyanyuka. Sketi ilimrudisha chini. Alivuta, akavuta tena. Cheni haikuachia hata uzi.

Sylvanus alitokea kwenye kona akikimbia peke yake. Damu ilikuwa ikimtiririka shavuni. Mkononi alikuwa na jiwe kubwa kama papai.

"Sasa," alisema.

Elinipa alijifunika kichwa kwa mikono. Aliliona jiwe likiinuliwa. Halafu wote wawili wakasikia mngurumo juu ya kona, na honi ndefu isiyokatika. Lori lililobeba ndizi za sokoni lilikuwa likishuka, matairi yake yakiteleza topeni.

Sylvanus aliligeukia lori, akamgeukia Elinipa. Jiwe likaanguka. Aliishika sketi na kuivuta kwa mikono yote miwili. Haikuchanika. Aliinama na kuing'ata kama mbwa. Haikuchanika.

"Inaniumiza! Imenishika!" Elinipa alilia.

Sylvanus aliachana na sketi. Alimshika Elinipa kwapani, akakaza miguu, akamburuta pamoja na baiskeli yote kama mtu anayeburuta gunia la mahindi. Elinipa alipiga kelele kwa maumivu. Mawe yalimchubua mgongo. Wakaanguka wote nyasini, na papo hapo lori likapita. Tairi lake lilipanda juu ya gurudumu la mbele la baiskeli, lililobaki barabarani, na kulikunja kama waya wa kuanikia nguo.

Lori lilisimama mbele kwenye tuta. Dereva alikuja mbio. Kwa kisu chake cha kukatia kamba za ndizi aliikata sketi iliyokwama, na mwanamke mmoja aliyekuwa akienda sokoni akamfunga Elinipa khanga yake. Sylvanus alikuwa amekaa chini, ameikumbatia miguu yake. Dereva aliwapakia wote watatu, akawapeleka hospitali.

Huko Ephraimu alifungwa mkono kwa plasta ngumu. Elinipa alishonwa muundi, na Sylvanus akashonwa juu ya jicho. Waliwekwa kwenye benchi moja. Mama Elinipa alifika akilia, na nyuma yake akafuata mumewe, Baba Elinipa, akiwa na matope ya shambani miguuni. Ephraimu alimnyooshea Sylvanus kidole.

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Sifaeli, baba yake Sylvanus. Hakuuliza lolote. Alifungua mkanda wa suruali na kuanza kumchapa mwanawe palepale kwenye benchi, kichwani, mgongoni, popote mkanda ulipoangukia. "Unaniaibisha! Unaniaibisha!" Sylvanus aliinamisha kichwa na kujikunja, vile vile kama Elinipa alivyojikunja darajani. Elinipa alimtazama, na hakuisikia ile raha.

"Acheni! Hapa ni hospitali!" muuguzi alipaza sauti.

"Mwanao amewatesa watoto wangu!" Baba Elinipa naye alimkamata Mzee Sifaeli shati, vifungo vikaruka. Wakasukumana. Meza ya dawa ilipinduka na vyombo vikatawanyika sakafuni. Mzee Sifaeli aliinua mkanda tena, na safari hii haukumpata Sylvanus wala Baba Elinipa. Ulimpata Mwalimu Tekla, mwalimu mkuu wa shule yao, aliyekuwa ameingia wakati huo huo na kujitia katikati. Mkanda uliuzunguka mkono wake na kuacha mstari mwekundu.

Baba Elinipa aliliachia shati la Mzee Sifaeli.

"Mwalimu," Mzee Sifaeli aligugumia. "Nisamehe, mwalimu. Sikukuona."

"Nipe huo mkanda." Mwalimu Tekla aliupokea na kuukunja. "Keti, Mzee Sifaeli. Nawe, Baba Elinipa, keti. Watoto wanawatazama." Kisha akachuchumaa mbele ya benchi. "Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Ukweli wote, hata ule unaomuumiza anayeusema."

Elinipa alianza. Alieleza kofi, fimbo, na tishio la mto. Alipofika kwenye miguu iliyovimba alimgeukia mama yake. "Sikuanguka, mama. Nilikudanganya. Na taiti niliificha." Kisha akamgeukia mwalimu. "Na Sylvanus nimempasua mimi, kwa pampu. Nilimpiga mara mbili, na nilitaka kumpiga tena."

"Lakini alimvuta dada," Ephraimu alisema kwa sauti ndogo. "Lori lilikuwa linakuja, akamvuta."

Mama Elinipa alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Sketi ile niliishonesha mimi," alisema. "Nikaona upindo umeliwa, nikamgombeza yeye. Ningeuliza vizuri, ningejua."

Mwalimu Tekla alimgeukia Sylvanus. "Nani alikwambia kwamba msichana akivaa taiti ni wa kuchapwa?"

Sylvanus aliinua macho kidogo na kumtazama baba yake.

"Nilisema siku moja tu," Mzee Sifaeli alijitetea. "Nilikuwa naongea tu, mwalimu, kama watu wanavyoongea."

"Wewe ulikuwa unaongea tu," Mwalimu Tekla alisema. "Yeye alikuwa anasikiliza. Unapokasirika unamchapa, naye akikasirika anachapa. Umemfundisha vizuri sana."

Mzee Sifaeli aliufunika uso wake kwa viganja. Kisha alimsogelea Elinipa, mzee mzima, akapiga goti ili macho yao yalingane. "Binti yangu, kosa limeanzia mdomoni mwangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee," Elinipa alijibu. "Ila usimpige tena."

Wazazi walikutana shuleni wiki iliyofuata. Mwalimu Tekla alikataa katakata viboko; alisema damu iliyomwagika inatosha. Walikubaliana kwamba Sylvanus na baba yake watatafuta gurudumu jingine na kuitengeneza baiskeli. Sylvanus angewasindikiza wanafunzi wadogo kuvuka daraja mpaka mwisho wa muhula, chini ya macho ya mwalimu wa zamu, na Hans pamoja naye, kwa kuwa aliona na akacheka. Elinipa alimwomba Sylvanus radhi kwa kile kidonda. Sylvanus aliligusa kovu lake, akasema polepole, "Na mimi unisamehe. Ya siku ile na ya nyuma."

Baiskeli ilipopona, Mwalimu Tekla aliileta kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya shule nzima. Aliigeuza, matairi yakatazama juu.

"Sylvanus, njoo uzungushe pedeli."

Sylvanus alizungusha. Mwalimu alichukua kipande cha shuka kuukuu na kuacha ncha yake ining'inie karibu na cheni, karibu tu. Ncha ikadakwa. Kufumba na kufumbua nusu ya kitambaa ilikuwa imemezwa, na pedeli zikakwama kwa kishindo. Wanafunzi waliguna.

"Vuta."

Sylvanus alivuta kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni. Kitambaa hakikutoka. Aliachia, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka safu ya nyuma, "Ilikuwa hivi hivi."

"Mmeona," alisema Mwalimu Tekla. "Kuanzia leo, anayekuja na baiskeli avae taiti, bukta au suruali isiyopwaya, nguo inayoiacha miguu izunguke na isiyofika kwenye cheni. Avae raba, kamba zake zifungwe na ncha zichomekwe ndani. Awe mvulana, awe msichana. Mwenye sketi ataivaa akifika, chumba cha kubadilishia kipo. Barabara haiulizi watu watasema nini; inauliza kama unaweza kufunga breki.

"Hilo ndilo jepesi. Sasa sikilizeni lililo zito. Ukipigwa au ukitishwa, sema siku hiyo hiyo. Elinipa alinyamaza ili amlinde mdogo wake, na mdogo wake akavunjika mkono. Alipochoka kunyamaza, akashika chuma. Kati ya kunyamaza na kushika chuma kuna njia ya tatu: kumwambia mtu mzima, na asipokusikia, kumwambia mwingine, mpaka apatikane wa kusikia. Nasi watu wazima tukiona mistari miguuni mwa mtoto, tusikubali upesi kwamba ameanguka."

Aliweka mkono begani mwa Sylvanus.

"Na wewe uliyejaliwa nguvu. Asubuhi ile moja, mikono hii ilimtoa damu mtoto mdogo, na mikono hii hii ikamtoa mtu chini ya lori. Nguvu ni zile zile. Ni wewe unayezichagulia kazi. Usinijibu sasa, maneno ni mepesi. Nenda ukatujibu barabarani, kila asubuhi, pale darajani."